Tumeambiwa jeni za mume wangu "zimezimwa". Je, tununue dawa ya kuziwasha?

BARUA

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nina miaka 33, mume wangu 38, tunaishi Morogoro. Tumeoana miaka miwili na nusu iliyopita, hatujawahi kutumia uzazi wa mpango, na mimba haijaingia hata mara moja. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 31, ila tumbo huniuma mpaka nalala siku mbili. Liko hivyo tangu sekondari. Mume wangu ni mwokaji wa mikate. Anaingia kazini saa tatu usiku na kutoka alfajiri, muda wote yuko mbele ya tanuri. Havuti sigara, ila kilo zimeongezeka; sasa ana 97 na urefu wake ni sentimita 170.

Mwezi wa tatu alilazwa kwa malaria, homa ikafika nyuzi 40. Wiki tano baadaye tukaenda kupima mbegu. Majibu: ujazo mililita 2, mbegu milioni 9 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 22, zenye umbo zuri asilimia 3. Mtu mmoja anayeuza virutubisho aliiona karatasi hiyo, akamchukua mume wangu mate kwa pamba, na baada ya wiki mbili akatuletea jibu kwamba "jeni zake za uzazi zimezimwa" kwa sababu ya epijenetiki. Anatuuzia dozi ya miezi sita ya kuziwasha, shilingi 780,000. Kwenye boksi nimesoma asidi ya foliki miligramu 5, zinki miligramu 30, na "mitishamba" bila majina.

Kibaya zaidi, mama mkwe aliposikia "jeni" alisikia "jini". Sasa anataka mwanawe apelekwe kwa mtaalamu akatolewe. Mume wangu amenyamaza, hataki hata kuliongelea. Hii epijenetiki ni kitu cha kweli? Dawa tununue? Na kama hizo alama zipo, mtoto atazirithi?

Mke mwenye mashaka, Morogoro

JIBU

Dada, pesa hiyo msiitoe. Epijenetiki ni elimu ya kweli na ina nafasi kubwa katika uzazi. Lakini kipimo alichofanyiwa shemeji hakikugusa uzazi wake, na mchanganyiko mnaouziwa ulishajaribiwa kwa wanaume wengi ukashindwa. Tutakueleza kwa nini, halafu tutakuja kwenye mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu na ambayo kwetu ndiyo yenye uzito kuliko yote: ile homa ya mwezi wa tatu, na hilo tumbo lako.

Tuanze na neno lenyewe, maana limeshavuruga nyumba. Jeni ni kipande cha vinasaba (DNA) chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. Mama mkwe anazijua jeni vizuri, ila kwa maneno mengine: anaposema mtoto wa fulani kachukua pua ya babu yake, hizo ndizo jeni. Mwelezeni hivyo, tena mume wako ndiye amweleze. Hakuna cha kutolewa.

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, kama 20,000 zinazotengeneza protini. Seli ya ini inatofautiana na seli ya korodani kwa sababu ya zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Kufungua na kufunga huko, bila kubadilisha herufi hata moja ya vinasaba, ndiko kunaitwa epijenetiki. Njia moja ni alama za metili, vikundi vidogo vya kemikali vinavyobandikwa juu ya herufi C, moja ya zile herufi nne za kemikali zinazoandika vinasaba. Zikijaa mlangoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Njia nyingine ni namna uzi wa vinasaba unavyozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye bobini. Ukikazwa sana, seli haiwezi kuusoma.

Kwa hiyo jeni kuzimwa si ugonjwa. Mwili unaishi kwa kuzima na kuwasha. Hata balehe inategemea hilo: katika utafiti wa panya uliochapishwa 2013, jeni ya Kiss1, ambayo huamsha homoni za uzazi kutokea ubongoni, ilionekana kunyamazishwa na kundi la protini liitwalo Polycomb, na balehe ilipokaribia protini hizo zikabanduka. Mtu akikwambia jeni zimezimwa, muulize mambo matatu: jeni ipi kwa jina, kwenye seli ipi, na imepimwa kwa njia gani.

Huyo muuzaji wenu anakwama kwenye swali la pili. Mate yana seli za ndani ya shavu na chembe nyeupe za damu. Alama zake si alama za mbegu, kwa sababu kila aina ya seli ina mpangilio wake. Na mbegu ya kiume ndiyo iliyo mbali kuliko zote. Kichwa chake kina urefu wa kama mikromita 5, yaani ungehitaji vichwa 200 kwenye mstari mmoja ili ujaze milimita moja, na ndani yake kuna uzi wa vinasaba wa karibu mita moja. Ili uzi wote huo uenee, mbegu inapokomaa huondoa sehemu kubwa ya zile bobini za histoni na kuweka protini ndogo zaidi ziitwazo protamini. Ziko za aina mbili, P1 na P2, na kwa mwanamume mwenye uzazi mzuri huwa karibu sawa kwa sawa. Uwiano ukivurugika, ufungashaji unakuwa legelege na uzi hukatika kwa urahisi. Mate hayawezi kukuonyesha lolote kati ya hayo.

Vipo vipimo halisi vya alama za metili vinavyofanywa kwenye mbegu zenyewe, na huko Marekani vinauzwa. Tunachokijua vizuri kinahusu jeni chache. Mojawapo ni H19, ambayo kwenye mbegu yenye afya inatakiwa iwe imejaa metili. Mwaka 2004 watafiti wa Ureno walichapisha katika jarida la Lancet kwamba baadhi ya wanaume wenye mbegu chache walikuwa na H19 iliyopungukiwa alama. Tafiti zilizofuata zikaona kinyume chake kwenye jeni iitwayo MEST: inatakiwa isiwe na alama, nao walikuwa nazo. Uhusiano huo ni wa kweli. Lakini kuiona kasoro si kuwa na dawa yake. Alama za aina hii kwa upande wa baba huanza kuandikwa mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, na baada ya hapo hunakiliwa kila seli inapogawanyika. Hakuna unga unaoweza kwenda kwenye jeni moja na kuifungua, ukaiacha ya jirani imefungwa.

Asidi ya foliki, kwa mfano, huongeza malighafi ya metili kwa mwili mzima, haina anwani. Wanaume waliopewa miligramu 5 kwa siku kwa miezi sita, katika utafiti uliochapishwa 2015, mbegu zao hazikupata alama zaidi. Zilipungukiwa, hasa kwa wale wenye aina fulani ya jeni ya MTHFR, ambayo ndiyo inayosimamia matumizi ya foliki mwilini. Na mchanganyiko uleule ulioandikwa kwenye boksi lenu, foliki miligramu 5 na zinki miligramu 30, ulijaribiwa Marekani kwa miezi sita kwa wanaume 2,370 waliokuwa wakitafuta mtoto. Matokeo yalitoka 2020. Waliomeza dawa, asilimia 34 walipata mtoto hai. Waliomeza vidonge tupu, asilimia 35. Wingi na mwendo wa mbegu haukuongezeka, ila kukatika kwa vinasaba kulikuwa juu kidogo kwa waliomeza dawa, asilimia 29.7 dhidi ya 27.2 kwa waliomeza vidonge tupu, nao waliumwa matumbo zaidi. Kuhusu hiyo mitishamba isiyo na majina, msimamo wetu ni mmoja: kisichoorodheshwa kisimezwe. Mwanamume anayetafuta mtoto anatakiwa awe na hofu hasa ya kitu chochote chenye testosteroni, yaani homoni ya kiume, iwe sindano ya mazoezi au dawa ya nguvu. Testosteroni ya nje huufanya ubongo uache kuiamrisha korodani, na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Kurudi huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Muulize shemeji kwa upole kama amewahi kuitumia.

Sasa homa. Mbegu moja hutengenezwa kwa siku kama 74, kisha hukaa wiki moja au mbili kwenye mrija wa kukomazia nyuma ya korodani. Jumla karibu miezi mitatu. Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na joto la nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ndiyo maana zinaning'inia nje. Homa ya nyuzi 40 huharibu mbegu zilizo katikati ya kutengenezwa, na uharibifu huo huonekana kwenye kipimo wiki kadhaa baadaye. Wiki tano ndio wakati mbaya kabisa wa kupima. Karatasi mliyonayo inaisimulia malaria zaidi ya inavyomsimulia mume wako.

Hata hivyo tuisome. Mililita 2 mara milioni 9 ni mbegu milioni 18 kwa jumla. Asilimia 22 ya hizo ni kama milioni 4 zinazokwenda mbele. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataja viwango vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, milioni 16 kwa mililita, milioni 39 kwa jumla, zinazokwenda mbele asilimia 30, umbo zuri asilimia 4. Kwa hiyo yuko chini, isipokuwa kwenye ujazo. Lakini viwango hivyo vilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 5 ya wanaume hao walikuwa chini yake. Aliye chini ya mstari huo ana nafasi ndogo zaidi, lakini anayo.

Arudie kipimo miezi mitatu kamili ikiwa imepita tangu homa iishe, na kisha kingine baada ya wiki kadhaa. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, na idadi ya siku iwe ileile mara zote mbili, tuseme nne. Achague siku ya mapumziko, asiende akitoka zamu. Chombo kiwe cha maabara, chenye mdomo mpana. Asitumie sabuni, mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa sababu vyote vinadhoofisha au kuua mbegu. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Yakimwagika aseme, asione haya, la sivyo majibu yatakuwa ya uongo. Akitolea nyumbani, chombo kikae kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili, kisiwekwe kwenye barafu, na kifike maabara ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Saa ya kutoa iandikwe juu ya chombo.

Daktari amkague pia akiwa amesimama, akijikaza kama anayesukuma haja, kutafuta mishipa iliyovimba juu ya korodani. Inapatikana kwa kama asilimia 15 ya wanaume wote, ila kwa wenye shida ya uzazi ni zaidi ya theluthi moja, na ikionekana wazi huku mbegu zikiwa chache inaweza kufanyiwa upasuaji. Kama idadi itabaki chini, apimwe testosteroni na FSH, homoni ya ubongoni inayoamrisha korodani, asubuhi kabla ya saa nne. Ikishuka chini ya milioni 5 kwa mililita, hapo ndipo uchunguzi wa kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba vinasaba, unapoingia. Huo unaangalia vinasaba vyenyewe, si alama zilizo juu yake.

Wakati mkisubiri, mambo mawili ya kurekebisha ni tanuri na uzito. Aombe kubadilishana nafasi na mwenzake, saa mbili mbele ya moto kisha saa mbili kwenye kukanda au kupanga mikate. Avae chupi ya pamba isiyobana. Akirudi aoge maji ya baridi au vuguvugu, si ya moto. Kilo 97 kwa urefu wake ni uzito uliopitiliza, na hapa epijenetiki inampa matumaini. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2016 uliona alama za mbegu za wanaume wanene zikitofautiana na za wembamba, na kwa kundi dogo waliopunguza uzito kwa upasuaji, alama zikabadilika. Si kila alama ni ya kudumu. Kwa mwokaji, kinachonenepesha mara nyingi ni mkate wa moto wa saa nane usiku na soda ya kukata uchovu. Aanzie hapo. Mabadiliko atakayoanza leo yataonekana kwenye mbegu baada ya siku 90 hivi, kwa hiyo mwandike tarehe ukutani.

Dada, sasa wewe. Miaka miwili na nusu watu wote wanamtazama mume wako, na hakuna mahali ulipoandika kwamba umepimwa. Hedhi inayomlaza mtu siku mbili kila mwezi tangu shule si kawaida ya wanawake, hata kama uliambiwa hivyo. Inaweza kuwa endometriosi, yaani nyama inayofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko, kwenye ovari, mirija au nyuma ya kizazi. Inakadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa.

Huku ndiko epijenetiki inakoonekana wazi zaidi. Kuna jeni iitwayo HOXA10 ambayo hufunguka kwa nguvu katikati ya nusu ya pili ya mzunguko, ukuta wa mfuko wa uzazi unapojiandaa kupokea mimba. Kwa baadhi ya wanawake wenye endometriosi imekutwa na metili kupita kiasi, na haifunguki inavyotakiwa. Dawa ya kuondoa alama hiyo haipo. Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, unatibika: kwa ule usio mkali sana, kuondoa vidonda kwa upasuaji wa matundu huongeza nafasi ya kushika mimba. Mwambie daktari wa wanawake mapema kwamba unatafuta mtoto, kwa sababu vidonge vya homoni vinavyotuliza maumivu hayo huzuia mimba. Na ultrasaundi ikitoka safi, usikubali kuambiwa huna kitu; vidonda vidogo havionekani humo.

Vipimo vyako vya kuanzia ni hivi. Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ipimwe siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wako wa siku 31 ni siku ya 24, si ya 21 kama karatasi nyingi zinavyoandika. Zaidi ya nanogramu 3 kwa mililita maana yake yai lilitoka. Homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa, zipimwe pia, na mirija ipigwe picha kwa dawa siku chache baada ya damu kukatika, kabla yai halijatoka. Dawa kama ibuprofeni au diklofenaki utumie siku za damu tu, ukiwa huna vidonda vya tumbo. Usizitumie katikati ya mwezi, kwani zinaweza kulizuia yai kutoka. Yai lako huenda linatoka karibu na siku ya 17. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu kuanzia siku ya 10 hadi ya 19 mtakuwa mmeupata muda wote. Kwa ndoa ambayo mmoja anafanya kazi usiku, hilo linahitaji mpango. Saa kumi jioni, kabla hajaondoka, ni wakati mzuri kama ulivyo mwingine wowote.

Anayehitaji asidi ya foliki ni wewe, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto: mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4 kila siku, kuanzia sasa hadi wiki ya 12 ya mimba. Angalia kopo kwa makini, kwa sababu vidonge vya miligramu 5 vinavyouzwa famasi nyingi ni mara kumi na mbili na nusu ya hicho. Hivyo ni vya wenye sababu maalumu, kama kisukari, dawa za kifafa, au mimba ya nyuma yenye kasoro ya uti wa mgongo, na daktari ndiye huamua. Kwenye sufuria, maharage, choroko, kunde na mchicha vina foliki nyingi. Mchicha uive kidogo tu na maji yake yasimwagwe. Kisamvu usikitegemee kwa hilo, kwani lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu itoke, na foliki huondoka na moto huohuo.

Swali lako la mwisho lilikuwa la kurithi. Siku za mwanzo baada ya yai kurutubishwa, alama nyingi za baba na za mama hufutwa na kuandikwa upya. Zinazosalia ni chache, zikiwemo za H19. Lakini chakula cha mama wakati wa kutunga mimba kinaacha athari: vijijini Gambia, watafiti waliochapisha 2014 waliona kwamba alama za metili za watoto waliotungwa msimu wa mvua zilitofautiana na za waliotungwa kiangazi, kufuatana na virutubisho vilivyokuwa kwenye damu ya mama zao. Mkifika hatua ya kupandikiza mimba maabara, mtasikia kwamba magonjwa ya alama, kama Beckwith-Wiedemann ambao humfanya mtoto akue kupita kiasi, huongezeka. Ni kweli yameonekana zaidi kwa watoto wa njia hiyo, lakini kwa kawaida ugonjwa huo humpata mtoto mmoja katika zaidi ya 10,000, hivyo hata ukiongezeka mara kadhaa bado ni nadra sana.

Nendeni hospitali ya mkoa siku moja, wote wawili, na kila mmoja awe na karatasi yake: yeye tarehe za homa na saa za tanuri, wewe tarehe za hedhi sita zilizopita na siku ulizolala. Shemeji akisikia majina mawili yakiitwa, mzigo hautakuwa wake peke yake. Mkimaliza miezi sita kuanzia sasa bila mimba, ombeni rufaa kwa bingwa wa uzazi. Utakuwa unakaribia 34, na usikubali kuambiwa subiri mwaka mwingine.

Majibu ya kipimo cha pili yakitoka, tuandikie tarakimu zote kama ulivyofanya safari hii.